Majivu ya Jikoni Kwetu

Nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu upande wa Dutwa, nilizijua sheria za bibi kuliko nilivyojua jedwali la kuzidisha. Usifagie uchafu nje jua likishazama. Usiwahesabu ng'ombe kwa kidole. Na kubwa kuliko zote: majivu ya jikoni hayatoki nje ya kaya yetu. Yaende bustanini kwetu au jalalani kwetu, basi. Anayebeba majivu yako, alisema bibi, amebeba moto wako, na moto ukihama ng'ombe nao wanaufuata.

Leo chuoni nabishana na kila mtu, wahadhiri hawasalimiki. Bibi sikuwahi kumuuliza hata swali moja.

Aliyeyahitaji majivu hayo ni jirani yetu, Mayu Mbuke. Mayu ni mama, ndivyo tulivyowaita wanawake wote wa rika lake. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi kwa bustani yake bondeni, kando ya mto wa mchanga ambamo alichimba maji. Nyanya, mchicha na kabichi zake zilikwenda gulioni Dutwa. Zamani dawa ya wadudu ilitoka ghala la ushirika pamoja na mbegu za pamba. Mwaka ule ghala lilikuwa na kufuli. Wanunuzi binafsi walikuja na malori, wakabeba pamba, wakaondoka, na dawa ikawa ya kujitafutia, ikiuzwa gulioni kwenye chupa za soda, bila karatasi wala maelezo. Watu wazima waliita hayo soko huria. Mayu Mbuke hakuweza kununua chupa hiyo. Alichokijua ni majivu.

Ila kwake alipikia samadi kavu, na majivu yake hayakumpendeza. Sisi tulipikia kuni za mgunga. Akaja asubuhi kuomba, akamwamkia bibi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Nigawie majivu kidogo, vidukari wananimalizia kabichi."

"Omba chumvi, Mbuke, nitakupa," bibi akajibu. "Omba unga, nitakupa. Majivu, hapana."

"Basi nipe hiyo chumvi, nikawaungie vidukari mboga vizuri."

Mama alicheka. Bibi hakucheka.

Kesho yake nikamkuta Mayu Mbuke kisimani, nikamwambia nitamletea. Sikutumwa na mtu. Nilimpenda tu, na alikuwa akinipa nyanya ya kula njia nzima hadi shule. Kila asubuhi nikienda kuteka maji nilichota majivu kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikalificha ndani ya ndoo hadi nipite boma. Aliyachekecha kwa kipande cha chandarua kuukuu, kisha tukayanyunyiza kwenye majani kabla jua halijapanda.

"Umande ndio gundi yake," aliniambia. "Ukichelewa upepo unayala. Na usijaze shinani, mche mchanga unaungua."

Baada ya siku chache majani ya kabichi yakafunguka. Nilikwenda shule na mikono ya kijivu, nikijiona mwanamke wa maana.

Wiki ya tatu ng'ombe wetu wawili walianguka mchana mmoja, mmoja akiwa na mimba. Walitokwa na povu, miguu ikatetemeka, na kabla ya jioni walikuwa wamekufa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona baba akitoka kunyunyizia pamba dawa, akalisuuza bomba lake juu ya birika la maji ya ng'ombe. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini hakuna aliyeangalia birika. Bibi aliangalia chini: kopo langu lilikuwa limetoboka kwa kutu, na mstari mwembamba wa majivu ulitoka mlango wa jiko ukashika njia ya bondeni.

"Kabula," bibi akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umewahi kumwona Mbuke akiingia jikoni kwangu?"

Baba alikuwa amesimama pale, bado ana fimbo ya kuchungia.

"Ndiyo," nikasema.

Siku iliyofuata wazee wa kijiji walikaa, Mayu Mbuke akaitwa mbele yao. Nilijibanza nyuma ya mama. Mzee mmoja akamuuliza majivu alipewa na nani. Macho ya Mayu Mbuke yakapita kwa watu wote, yakanifikia, yakatulia kidogo, yakaendelea.

"Sikupewa. Nilichukua mwenyewe."

"Usiku au mchana?"

"Mchana. Usiku wachawi wanakuwa wengi njiani, naogopa."

Kijana mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Utani wake ulikuwa kazi bure. Walimtenga: asisalimiwe, asipewe moto, asinunuliwe kitu. Nyanya zake ziliozea shambani, nyekundu kabisa. Mimi nikawa napita njia ya juu, ndefu. Asubuhi moja tukakutana hata hivyo, akanisalimia yeye wa kwanza, yeye mkubwa. Nikakimbia, maji yakinimwagikia mgongoni. Kabla ya mvua kuanza akapakia mzigo kwenye baiskeli ya kukodi, akahamia Nyalikungu kwa mtoto wa dada yake.

Sasa, kwenye midahalo chuoni, nikipewa hoja ya soko huria nawamaliza watu. Nauliza ni nani aliyefungua soko na kumwachia mkulima sumu ndani ya chupa ya soda. Nauliza kwa nini mjane alipie ujinga wa waliopaswa kutufundisha. Wanapiga makofi, na ninachosema ni kweli, sirudishi neno. Lakini soko huria halikusimama mbele ya bibi likasema "ndiyo". Nilisema mimi.

Likizo iliyopita nilimwambia baba habari ya bomba na birika. Alikuwa akipukuchua mahindi, hakuacha.

"Nilijua jioni ile ile."

"Ulijua, baba?"

"Ningemwambiaje mama yangu kwamba ng'ombe wake nimewaua mimi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Kila moja lingenirudia mwenyewe.

Wiki ile nikapanda basi hadi Nyalikungu kumtafuta Mayu Mbuke. Nilimpata mpwa wake, mama mpole mwenye genge la mboga mbele ya nyumba. Mayu Mbuke alikuwa amefariki, mwaka wa pili sasa. Akaniwekea kiti, akaniletea maji.

"Alikuwa akisema kule kwenu alikuwa na mtoto aliyemsaidia bustani," akasema. "Mtoto mzuri, alisema, ila mwoga. Unamfahamu?"

Nikanywa maji yote kwanza.

"Hapana," nikasema. "Simfahamu."

Safari hii sikuwa mtoto.