Kituo cha Historia, Dakika Hamsini

Roswitha Angermeier alikaa mapokezi ya nyumba ya wageni, vyumba kumi na vinane, nyuma ya uwanja wa tamasha la bia mjini Munich, miaka ishirini na sita. Watu walidhani kazi yake ni kutoa funguo. Lakini hakuna mtu anayeweza kunywa bia siku tano mfululizo. Siku ya tatu ini huomba likizo, na wageni hushuka ngazi asubuhi macho mekundu, wakiuliza leo waende wapi. Hapo ndipo kazi yake halisi ilipoanzia.

Alimtazama mtu viatu kwanza. Mwenye viatu vizito alimpeleka milimani Garmisch. Mwenye goti bovu alimpa ziwa la Starnberg, akae melini ale samaki. Nyakati za treni za kurudi alizijua kwa moyo, na alimwambia mtu bila kumficha: huko leo usiende, mvua itakukuta njiani. Waswahili husema mwenda bure si mkaa bure. Kwa Roswitha hakuna aliyekwenda bure.

Mwenye nyumba, Bi Stadler, alifariki mwanzoni mwa mwaka, nyumba ikarithiwa na mpwa wake Korbinian. Roswitha alimjua tangu akiwa na miaka sita, alipokuwa akikaa chini ya kaunta akitafuna mkate wa chumvi na kumwita Shangazi Rosi. Sasa alimwita Bi Angermeier, na mbele ya wageni alimkatiza maneno.

Wiki ya kwanza ya tamasha, Korbinian alileta rundo la vipeperushi vya rangi. Alikuwa amepatana na mtu mwenye basi: safari ya siku moja, kutoka saa mbili asubuhi, kurudi kwenye mahema ya bia saa kumi na mbili jioni. Kituo cha historia dakika hamsini, kisha bia ya watawa wa Andechs, kisha kasri la mfalme. Roswitha alisoma akadhani ameona vibaya. Kasri lenyewe mgeni angeliona kutoka chini bondeni tu, apige picha, arudi garini. Huo ulikuwa ulaghai wa kawaida. Kilichomshtua ni hicho kituo cha historia. Alimwuliza Korbinian ni wapi, akajibiwa kwamba ni Dachau, kwenye kambi ya mateso ya zamani, kwa sababu wageni wengi huuliza na ni njiani.

Si njiani. Iko upande mwingine kabisa wa mji. Lakini Roswitha hakulisema hilo. Alimkumbuka Alois, ndugu wa babu yake, fundi viatu, aliyekamatwa kwa neno moja alilolitamka baani juu ya wakubwa wa serikali. Alikaa kambini humo miaka mitatu, akarudi hana meno ya mbele, na mpaka anakufa hakukaa mahali popote ila mgongo ukiwa ukutani. Roswitha alikuwa mtoto, akimpelekea supu. Watu waliotaka kwenda kule aliwapangia siku nzima ya huko tu, wala hakuwapangia kitu kingine jioni. Alivichukua vile vipeperushi akavitia kwenye droo ya chini. Kesho yake alivikuta vimerudishwa juu ya kaunta.

Jumatano wakashuka wanaume sita, mafundi wa vigae kutoka karibu na Osnabrück, wamevaa kaptula za ngozi na kofia zenye manyoya, chupa mkononi. Tiketi walikuwa wameuziwa na Korbinian usiku uliotangulia. Kiongozi wao, Detlef, jitu lenye sauti nene, akauliza basi linasimama wapi.

Roswitha akawaambia chupa haziingii kule.

"Tutazimaliza nje, mama," akasema Detlef. "Usituharibie siku."

Wenzake wakacheka. Damu ilimchemka Roswitha. Akawauliza kama hawaoni aibu, watu wazima, kwenda kambini na manyoya kichwani, mahali walipochomwa watu.

Kicheko kikakatika. Mmoja wao, Heiner, mzee kuliko wote, mtu wa maneno machache, akaitoa tiketi mfukoni akaisoma upya.

"Kambi gani? Hapa pameandikwa kituo cha historia. Sisi tulidhani ni makumbusho ya magari."

Roswitha akawatajia jina. Detlef akavua kofia, akaishika kama mtu asiyejua pa kuiweka. Hawakuwa wamejua. Hasira ya Roswitha haikupoa. Iligeuka tu, ikaelekea mlango wa ofisi, ambako Korbinian alikuwa amesimama akisikiliza.

Korbinian akatabasamu kwa wageni, akasema hakuna tatizo, jina halikutajwa ili watu wasivunjike moyo wakiwa likizo.

"Bi Angermeier, waelekeze kituoni, basi linasubiri."

"Unalificha jina ili upate kupauza," akasema Roswitha. "Shangazi yako angekufukuza humu kwa fagio."

"Shangazi yangu amekufa. Na wewe kazi yako ni kutoa funguo."

 Kisha Detlef akaiweka tiketi yake kaunta, na wengine wakafuata, wakadai fedha zao zirudishwe palepale. Korbinian alirudisha huku masikio yakiwa mekundu. Roswitha akawatazama miguuni kwa mazoea, akawapangia treni ya Kochel, waizunguke sehemu ya ziwa na kurudi mapema. Watano wakaenda. Heiner alibaki, akapanda chumbani, akarudi amevaa suruali aliyosafiria. Akaomba aelekezwe kule, peke yake. Roswitha alimwandikia treni na basi, akamwambia ajipe siku nzima.

Siku mbili baadaye vipeperushi vipya vilifika. Kituo cha historia kilikuwa kimeondolewa. Roswitha angeweza kuridhika, lakini alimsikia Korbinian akimweleza mgeni kwamba kimeondolewa kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Barabara haikuwa na matengenezo yoyote. Lile la kwanza lilimkasirisha. Hili la pili hakuweza kulivumilia. Kutenda uovu kwa ujinga ni jambo moja, kuufunika kwa uongo ni jingine.

Alimaliza tamasha, maana wageni walikuwa wamemkuta pale na hakutaka kuwatupa. Jumapili ya mwisho aliweka funguo zote mezani kwa Korbinian, zikiwa zimepangwa kwa namba. Korbinian akamwambia anafanya jambo dogo kuwa kubwa.

"Si dogo, mwanangu," akasema. "Ungelijua kuwa ni dogo, usingelificha."

Siku hizi huwapangia safari wazee wa parokia ya Sendling, kila Alhamisi, bila malipo. Wapo wanaomwambia angevumilia, pensheni ilikuwa karibu. Huwaambia Alois naye aliambiwa angenyamaza, kisha huwauliza wamevaa viatu gani.