Ngozi ya Marehemu Mdogo Wangu

Binti yangu alipoanza kujikuna, mama yangu aliacha kumpakata.

Tulikuwa tumerudi nyumbani Isingiro kutoka Bukoba. Viwiko vya mtoto na nyuma ya magoti vilikuwa vimechubuka, vinatoa majimaji. Mama alimtazama tu kutoka mlangoni. Nilijua anachokiona. Mdogo wangu alikuwa na ngozi hiyohiyo. Watu walisema karogwa. Akanyweshwa dawa za miti, akapakwa majivu, vidonda vikaoza, na homa ikamchukua kabla hajaanza shule. Kaburi lake liko mgombani, nyuma ya jiko.

"Amerudi," mama aliniambia. "Sikiliza anavyojikuna. Ni yeye."

Sikumbishia, maana hata mimi nilikuwa nasikia. Kila kucha zile zilipoanza kukwaruza ngozi, niligeuka kutazama migomba.

Nilimpeleka mtoto hospitali, nikamsihi mama twende wote. Daktari alisema ni pumu ya ngozi. Akauliza mtoto anakula nini. Nikamwambia: mkate mweupe, biskuti, soda. Na dawa za kuua bakteria alishakunywa mara nyingi, kila alipopata mafua.

"Tumboni mwetu wanaishi bakteria wazuri, na dawa hizo huwaua hata wao," akasema. "Chakula chao ni nyuzinyuzi: maharage, mboga, ndizi. Wakishiba, wanausaidia mwili kutulia. Wakikosa, kinga ya mwili inaweza kukurupuka hata kwa vumbi tu, ngozi ikawaka. Watafiti bado wanalichunguza jambo hili, kwa hiyo siwaahidi kupona. Dawa ya kupaka msiache. Lakini mlisheni vizuri."

Mama akauliza polepole, "Kwa hiyo yule wangu hakurogwa?"

"Sikumwona, bibi. Ila ugonjwa huu hauletwi na mchawi."

Tulirudi nyumbani. Kesho yake mama alipika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja, akamlisha mjukuu kwa mkono wake mwenyewe. Akaendelea hivyo, huku mimi nikimpaka dawa. Msimu wa kahawa ulipofika ngozi ilikuwa imetulia, weusi tu umebaki kwenye mikunjo.

Siku moja nikiwa nageuza kahawa uani, nilimsikia mama akimwita mtoto aje kula. Alimwita kwa jina la marehemu.

"Abee, bibi," binti yangu akaitika, akaingia jikoni.

Nilitaka kumsahihisha mama. Sikuthubutu. Sasa mtoto huitikia majina yote mawili, na mimi hushtuka kila mara.