Kilio cha Mwenye Bastola

Juzi niliona bastola kuukuu ya jeshi la Ujerumani kwenye dirisha la duka, nikasonya. Nilimkumbuka mzee wa mtaa wa Lewisham, kule ughaibuni, ambaye mama alikuwa akimsafishia nyumba. Hakuwahi kuwa askari, lakini alikusanya bastola kama hizo na chumba chake kilinuka mafuta yake, na moja alijigamba kuwa ni adimu mno kwa sababu bado ilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Alasiri moja nikiwa naye, mama, kwa bidii yake, aliisugua kwa waya wa kuoshea sufuria mpaka rangi ikatoka na chuma kikang'aa. Mzee akaangua kilio. Mimi nilidhani amefiwa. Kumbe alikuwa akililia rangi ya chuma. Mama, aliyekimbia risasi Bukavu, alivua glavu polepole.

"Tuende, mwanangu," alisema. "Kwetu tunalilia watu waliopigwa risasi. Huyu analilia bunduki."