Sauti Mbili kwa Pumzi Moja

Pale kwenye ujenzi wa ghorofa walimwita Mama Redio, na jina likamganda, maana redio ya mkononi haikumbanduka mdomoni. Kazi yake ilikuwa kusimama penye mzigo na kumwelekeza dereva wa winchi, ambaye huko juu kwenye kibanda chake mara nyingi haoni kinachoendelea chini. Kwa miaka tisa alikuwa na dereva mmoja, mzee wa maneno machache, wakaelewana hata kwa kukohoa. Mzee alipostaafu akaletwa mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Redioni kikabaki Kiingereza kitupu.

Mama Redio hakutishika. Maneno ya kazi aliyajua, tena hayajai hata kiganja. Makubwa yalikuwa mawili: "haul", vuta juu, na "hold", shikilia hapo hapo. Neno "stop" halikuguswa ila kwenye hatari, kwa sababu lilizima mitambo yote.

Siku ya nne, furushi la nondo lilikuwa limetua nusu. Fundi wa nondo akapenyeza mkono kuuweka sawa mnyororo. Mama Redio akabonyeza kitufe, akasema "hold". Mnyororo ukakaza. Fundi akachomoa mkono kwa nguvu. Glavu yake ikabaki imebanwa, ikapanda na mzigo.

Fundi alikaa chini akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Dereva aliposhuka, uso umempauka, alishikilia kwamba alisikia "haul". Ofisa usalama akamtaka Mama Redio ayatamke maneno yote mawili mbele yao. Yakatoka pacha: "hol" na "hol".

"Mpaka Ijumaa nitakapokupima, usiiguse redio," ofisa akamwambia. "Ukishindwa, redio itashikwa na mwingine."

Lakini hata redio haikuwa ndiyo iliyomkosesha raha. Kila alipofumba macho aliiona ile glavu ikipaa.

Jioni hiyo alimwendea wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa Kiingereza mwenye ulimi usiomhurumia mtu. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akaleta kioo.

"Miaka yote unanisema kwa mdomo huo huo," akasema, "leo ndiyo umegoma kufanya kazi?"

Mama Redio hakuweza kucheka, na wifi akaacha utani. Akamweleza kwamba d ya mwisho redioni haisikiki, tofauti iko katikati: kwenye "haul" midomo inaviringa na kutulia, lakini kwenye "hold" sauti inaondoka karibu na o na kuishia kwenye u. Mama Redio akajaribu. Ikatoka "ho-u", mapigo mawili, kila moja kivyake.

"Sisi kila irabu tumeipa kiti chake," wifi akasema. "Waingereza wamezikalisha mbili kwenye kiti kimoja. Usizitenganishe, wifi. Teleza."

Akateleza siku nzima na kesho yake. Aliteleza akiosha vyombo, akateleza kwenye foleni ya dawa hadi mtu wa mbele akageuka kumtazama. Mumewe alimuuliza kama jino linamsumbua. Kufika Alhamisi asubuhi mambo yaliharibika zaidi: sasa "haul" nayo ilianza kuteleza kuelekea u. Alikuwa na neno moja bovu, sasa anayo mawili.

Mchana akajikaza, akamfuata dereva. Alimkuta peke yake juu ya rundo la mbao, chakula hajakigusa. Mtunza stoo, aliyekijua Kiingereza vizuri, akawa mkalimani wao. Kumbe mgeni naye tangu siku ile kila akisikia redio anasita kugusa mtambo. Akalitamka "hold" polepole, na Mama Redio, aliyezoea kumsikia tu, kwa mara ya kwanza akauona mdomo wa yule mtu ukianza wazi na kubana taratibu. Akaweka vidole kwenye mashavu yake, akafuatisha. Mgeni akatikisa kichwa. Tena. Mara ya kumi na kitu akaitikia.

"Anataka na wewe umfundishe lako," mtunza stoo akasema.

"Shikilia," Mama Redio akatamka.

"Sikilia," mgeni akajibu, akarudia, akakosea vile vile.

Ijumaa kiroba cha mchanga kikafungwa kwenye ndoano. Fundi wa nondo alisimama pembeni, mikono mfukoni. Ofisa alionyesha kwa kidole, kwenye karatasi, neno la kutamka, mara kumi, kwa kuchanganya. Maneno sita ya mwanzo yalipita. La saba, "hold", lilitoka "hol". Alilisikia mwenyewe, akajua amekwisha.

Kiroba hakikusogea. Redio ikakoroma: dereva anaomba arudie. Akavuta pumzi, akarudia, likateleza sawasawa.

Ofisa aliyaandika yote mawili, kosa na marudio. Mwishowe akasema redio abaki nayo, kwa sharti: kuanzia sasa kila neno dereva alirudishe kwanza, athibitishiwe, ndipo aguse mtambo. Mama Redio akaitikia kwa kichwa, akatafuta tofali la kukalia.

Jumatatu fundi wa nondo alirudi zamu yake. Hapeleki mkono kwenye mnyororo mpaka asikie sauti zote mbili redioni, ya mama na ya mgeni. Mama Redio hamlaumu. Yeye mwenyewe husimama pale akiwa amebana pumzi, kidole juu ya kitufe, hadi mkono wa fundi utoke.