Kibano cha Mama

Mama yangu mzazi alihamia kwetu Ujiji akitokea kijijini Kasulu, baada ya presha kumwangusha shambani. Alikuja na mkeka, jembe ambalo hakulihitaji, na tumbaku. Si ya kuvuta moshi. Sisi Waha tuna tumbaku ya maji: jani kavu hulowekwa mpaka maji yawe meusi, mtu akayamimina kiganjani, akayavuta puani, kisha akaibana pua kwa kibano cha mti ili yasitoke. Aliyebana pua hasalimiwi. Unapita kimya au unasubiri amalize. Utoto wangu wote nimemsubiri mama hivyo.

Kliniki walimwambia aache, la sivyo presha itampeleka kaburini. Mama alimwitikia nesi kwa adabu zote, tukafika nyumbani akabana pua. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilikichukua kile kibano nikakitupa chooni, nikamwambia kwamba nyumbani kwangu mambo hayo basi. Siku za mwanzo hakukalika naye, hata kuku aligombana nao. Halafu akatulia.

"Nimeacha, mwanangu," aliniambia.

Nilifurahi mno. Nikamnunulia doti ya kitenge, nikamsifu kwa majirani mpaka wakachoka kunisikia.

Alasiri moja nilirudi kutoka mwaloni Katonga, ninakouza dagaa, nikamkuta binti yangu mdogo ana mafua, anakohoa. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunga maneno. Juu ya kabati kulikuwa na chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, nikakumbuka kwamba tuliibakiza. Mafua yale yale yalikuwa yamenikamata na mimi, sikusikia harufu yoyote. Nikampakata mtoto, nikamwambia kwa sauti ya kumbembeleza afungue mdomo anywe dawa.

Mlango wa bafu la uani ukabamizwa. Mama alitoka mbio, khanga inamdondoka, kibano kipya puani, na sauti yake ilitoka kwa shida.

"Usimpe! Hiyo ni yangu! Usimpe!"

Kijiko kilikuwa kimeshaingia.

Mtoto alitema kidogo, nyingine ikashuka. Nilimtazama mama, nikakitazama kibano, na sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kabla bajaji haijafika mtoto alikuwa ameshatapika. Njiani udenda ulimtoka bila kukoma, jasho la baridi likimtiririka, macho yakimlegea. Nilimpigapiga mashavu nikimwita asilale. Mama alikaa pembeni yangu, ameishika ile chupa kwa mikono miwili. Ningefungua mdomo ningemtukana mzazi wangu, na nilikuwa karibu sana kufanya hivyo.

Hospitali tulipokewa na daktari kijana, mgeni wa mkoa kwa lafudhi yake.

"Amekunywa nini?"

Benchi lilijaa watu, wawili kati yao ni majirani niliowasimulia jinsi mama alivyoacha. Naye amesimama hapo, amevaa kile kitenge.

"Dawa ya kikohozi," nilianza, "ila..."

Mama akanisogeza kando.

"Si dawa, baba. Ni tumbaku. Nimeiloweka mimi, nikaificha humu. Huyu binti yangu nilimdanganya kwamba nimeacha."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Daktari aliinusa chupa, akakunja uso, akamchukua mtoto na kuingia naye ndani haraka.

Tukakaa. Mama alikuwa bado na alama ya kibano, mistari miwili juu ya pua. Mimi nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia arudi Kasulu akafe na tumbaku yake. Nilitaka kumuuliza kama jani lile lina thamani kuliko damu yake mwenyewe. Kila mlango ulipofunguka niliyameza, nikasimama, halafu nikakaa na kuyapanga upya.

Mwishowe nesi alitoka. Alisema mtoto anapumua vizuri, ameomba maji, atalala hapo wamwangalie mpaka kesho. Nililia mbele za watu bila haya. Nilipomaliza kujifuta, nikamgeukia mama niyatoe yale yangu yote.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikadhani ni hofu.

"Imeshapita, mama," nikajikuta nasema. "Mtoto ni mzima. Tulia."

Alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Sitetemeki kwa hofu, mwanangu. Mjukuu wangu kalala mle ndani, nimemlaza mimi, na hapa nilipo, hata sasa hivi, ninaitaka."

Sikumbuki tena yale maneno niliyokuwa nimeyapanga. Niliishika ile mikono nikaibana mapajani kwangu, kwa nguvu, na haikuacha kutetemeka.