Sauti ya Lucio Ilisikika Vizuri

Siku hizi mnara wa simu umesimama kilimani, na watu wa Tabugon hawakumbuki tena kwamba zamani kijiji chao kilikuwa na sauti moja tu ya kuufikia ulimwengu. Rosauro Belgira anakumbuka. Kila alasiri, kahawa ikishachemka, aliunganisha redio yake ya upepo kwenye betri ya gari, akamwita rafiki yake Lucio, ng'ambo ya mto.

Kukilindia kijiji redio, kazi aliyoifanya kwa kujitolea, hakukuwa mchezo. Miezi ya tufani barabara ilipozibwa na maporomoko, redio hiyo tu ndiyo iliyoweza kuita boti ya uokoaji kutoka Virac, mji mkuu wa kisiwa. Ndiyo maana aliijaribu kila siku. Mwanzoni alijaribu kwa kuwaita Virac wenyewe, lakini wao walijibu kikavu na kukata. Lucio alikuwa na habari za majogoo wa kupigana, bei ya abaka, zile nyuzi za mgomba za kusokotea kamba, na matusi matamu. Taratibu jaribio likageuka soga.

"Nasikika?"

"Unasikika mpaka mapengo yako, mzee. Ova."

Rosauro akaridhika. Akasahau jambo ambalo kila mwenye redio hufundishwa mapema: jirani atakusikia hata antena yako ikiwa imekufa. Juu ya paa, pale waya ulipoungana na antena, chumvi ya bahari ilikuwa ikiila shaba kimyakimya.

Mwaka mmoja, tufani kubwa ilipopita, Salvacion, mke wa mvuna abaka, alikuwa shuleni pamoja na waliokimbia mafuriko, uchungu umemkaza na mtoto amekaa vibaya. Mkunga akaja mbio kuomba boti iitwe. Rosauro akamwambia aihesabu imeshafika. Akaisimamisha antena aliyoilaza kabla ya upepo, akaita Virac. Kimya. Akaita mpaka koo likamkauka.

"Manoy," Lucio akaingia, akimwita kaka kwa heshima, bila mzaha wowote. "Mimi nakupata vizuri. Wao hawakupati."

Hapo akaelewa. Akapanda paa lililokuwa bado linateleza, akafungua kiungo. Unga wa kijani ukammwagikia kiganjani. Akakata sehemu iliyooza, akauchuna waya, akausokota kwa vidole moja kwa moja kwenye antena. Virac wakajibu papo hapo. Wakasema wamekuwa wakiisikilizia Tabugon tangu alfajiri.

Boti ilifika ikiwa imechelewa. Salvacion alipona. Mtoto hakupona.

Kijiji kizima kililaumu tufani. Salvacion mwenyewe, alipopata nguvu, alimletea Rosauro wali mtamu uliofungwa kwenye majani ya mgomba, kumshukuru kwa boti. Angeweza kuupokea na kunyamaza. Wangapi wenye vyeo hulala usingizi mnono juu ya shukrani za namna hiyo! Yeye hakuweza kuitwisha tufani mzigo wake. Akamweleza yote, soga na kutu.

Salvacion alisikiliza, akauchukua wali wake, akaondoka.

Hakumsemesha tena mpaka msimu mwingine wa tufani ulipokaribia. Alasiri moja akaingia bila kupiga hodi, akavuta kiti karibu na redio.

"Waite Virac," alisema. "Nataka niwasikie wakijibu."

Akawaita. Wakajibu, kikavu kama kawaida yao, na Salvacion akabaki amekaa pale mpaka kahawa ikapoa.