Umetoka Kupasuliwa Kifua, Unakimbilia Wapi?

Ipo siku moja ya kulima, enzi nikiishi kijijini kwetu Lusu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nashikwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe. Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini, mwanangu, jana nimepita nyuma ya nyumba yenu nikakukuta umelala chali, umeshika bomba lenye makopo ya zege huku na huku, unalipandisha na kulishusha, na plasta bado iko kifuani! Wiki ya pili hii tangu upasuliwe. Nikakuuliza unafanya nini, ukanijibu, "Mazoezi, mzee, nisilegee." Usilegee! Khaa! Hebu kaa hapo unisikilize, na usinikatize.

Unadhani wewe ndiye mwanamume wa kwanza duniani kuota matiti? Mimi yalinianza nikiwa na miaka kumi na minne. Wazee walisema hupita yenyewe, na kweli, kwa wenzangu yalipita. Yangu yakanogewa. Vijana wa Lusu, ambao hawajawahi kukosa la kusema, wakaniita Mama Kulwa na Doto, kwa vile nina mapacha kifuani. Nilicheka nao, ningefanyaje? Lakini sikuoga mtoni na mtu kwa miaka minane, na wakati wa kulima wenzangu walikuwa vifua wazi, mimi nimevaa shati zito la kaki kwenye jua la saa saba. Iliniuma, mwanangu. Iliniuma kuliko kidonda chochote nilichowahi kupata.

Enzi hizo bado tulikuwa chini ya Mwingereza. Nilipofikisha miaka ishirini na miwili nikamchumbia Sesilia, binti wa katekista wa kijiji cha jirani, nikaona sasa basi. Nikapanda lori hadi Tabora, nikafikia kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa akikaa mtaa wa Ng'ambo palepale mjini, nikaenda hospitali. Daktari Mzungu akanitazama, wala hakucheka, akasema yanaondoka. Akakata, akatoa, akashona, akanifunga kitambaa kifua kizima. Siku ya kutoka, dresa, yaani yule mhudumu wa kufunga vidonda, Mnyamwezi mwenzangu, akanitafsiria maagizo. Kutembea, tembea kuanzia leo na kila siku. Lakini jembe, shoka, gunia, baiskeli, na kuinua viwiko kupita mabega, marufuku mpaka wiki sita ziishe na daktari akuone. Kitambaa usikifungue.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia yote neno kwa neno, kama mtoto wa katekisimu. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana, na sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa kwao Sesilia ilikuwa desturi mchumba alete vijana wenzake walime shamba la mkwe siku moja, ngoma ikipigwa pembeni, ili mkwe amtazame vizuri huyo anayempa binti yake. Siku hiyo ilikuwa imepangwa tangu zamani, nayo ikaangukia siku ya kumi na tisa baada ya kupasuliwa kwangu. Mtu mwenye akili angetuma ujumbe kwamba anaumwa. Lakini ningesema naumwa nini? Zaidi ya babu, hakuna aliyejua. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo naijua tangu utotoni, na wala haikunisaidia chochote. Tena kuna jambo jingine, nalikiri kwa aibu: nilitaka kuvua shati. Miaka minane ya kaki, mwanangu! Nilitaka Mama Kulwa afe siku ile, mbele ya watu wote, na Sesilia akiwepo.

Nikamdanganya babu kwamba naenda kumsalimia mama, nikarudi Lusu. Asubuhi ya kulima nikafungua kile kitambaa, nikakificha uvunguni. Mishono ilikuwa miembamba, imejibana chini ya chuchu. Nikajiambia kwa mbali hakuna atakayeiona. Ona akili hiyo!

Tukajipanga mstari. Nikavua shati. Mmoja wao akapiga mluzi, "Jamani, Mama Kulwa kahamia wapi?" Wakacheka, nikacheka, na nakuapia kwa dakika zile hapakuwa na mtu mwenye furaha kunizidi katika Unyamwezi nzima. Ngoma ikaanza. Jembe juu, jembe chini. Tuta la kwanza nikaimba pamoja nao. Tuta la pili upande wa kushoto ukaanza kunivuta, kama uzi unaotaka kukatika. Mwili uliniambia, mimi nikaubishia. Tuta la tatu sikuimba tena, niliuma meno. La nne, kitu kikachanika ndani. Nikasikia joto linasambaa chini ya ngozi, na nilipojitazama, ziwa la kushoto lilikuwa linarudi. Linavimba, linang'aa, kubwa kuliko lilivyowahi kuwa, mbele ya mkwe, mbele ya wapiga ngoma, mbele ya Sesilia aliyekuwa ameshika mtungi wa maji. Ngoma ikanyamaza. Nikapiga magoti palepale kwenye udongo.

Sesilia ndiye aliyefika kwanza. Akauona mshono.

"Umepasuliwa?"

"Ndiyo."

"Lini?"

Nikamwambia. Nilitegemea machozi, nikapata moto. "Wiki tatu hazijatimia unakuja kushika jembe kwetu? Unafikiri mimi kipofu? Nimekuona na hilo shati lako miaka yote. Nilijua, na nikakukubali hivyo hivyo. Sasa nani aliyekuomba uje kufa shambani kwa baba?"

Nikajifunika kifua kwa mikono.

Wakanibeba juu ya kitanda cha kamba hadi barabarani, nikarudishwa Tabora kwa lori. Daktari akafungua upya, akatoa damu iliyojaa. Baada ya siku chache kidonda kikatunga usaha. Nikalala wodini zaidi ya mwezi, wakati wenzangu wanapalilia.

Babu akaja kuniona. Alikuwa mzee sana, ujanani mpagazi wa misafara, amebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba ya nini? Mimi sina mjukuu mwongo."

Akaniwashia moto, wodi nzima ikageuka kusikiliza. "Sisi tulibeba frasila mbili begani, miezi mitatu. Mtu akiugua njiani, akapona, unadhani tulimtwika siku ileile? Mpumbavu gani angefanya hivyo? Mzigo wake tuligawana. Yeye alitembea mikono mitupu, na fimbo yake tu. Akizoea, abebe mkeka wake. Kisha mkeka na chungu. Kisha nusu mzigo. Na kiongozi wa msafara alikuwa akimsikiliza: akiweza kuimba huku anatembea, anaongezewa, akinyamaza, anapunguziwa. Wala haikuwa huruma, wewe! Aliyetwikwa mapema tulimzika njiani, na mzigo wake bado tukaubeba sisi."

Daktari aliponiruhusu, babu hakuniachia tena. Kila asubuhi alinitoa kwenye ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, yeye nyuma na fimbo, mimi mbele mikono mitupu. Wanawake wenye mizigo ya kuni vichwani walinipita, wakinipa pole kana kwamba nimefiwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki mbili za mikono mitupu, kisha mkeka, kisha chungu kitupu, kisha chungu chenye maji nusu. "Imba!" alipiga kelele. Nikiimba kwa kukwama, alikuja kumwaga maji kidogo. Karanga zilikuwa zimeshavunwa aliponipa jembe, tena kwa tuta moja tu, akanipokonya. Lakini siku ile sikuvutwa na kitu chochote.

Harusi ikachelewa mwaka mzima. Shamba la mkwe walimalizia wenzangu. Sesilia alinisubiri, na alinikumbusha kwamba alinisubiri kila tulipogombana, maisha yake yote, Mungu amrehemu.

Ila kitu kimoja hakikurudi. Ile nyama iliyotunga usaha ilipopona ilishikana vibaya, na mkono huu wa kushoto, tazama, unaishia hapa. Hauvuki bega. Nilisema si neno, nalima, nala, nashika baiskeli. Mpaka binti yangu wa kwanza alipofika miaka mitatu. Jioni moja jirani alikuwa anamrusha mwanawe juu na kumdaka, mtoto anacheka, na wangu akaja mbio akasimama mbele yangu, amenyoosha mikono yote miwili juu. "Baba, na mimi." Nikainua wa kulia. Wa kushoto ukagoma. Akangoja na mikono yake hewani, masikini, kisha akageuka akaenda kwa jirani. Hospitalini sikulia, mwanangu. Siku ile nililia.

Basi nisirudie maneno. Leo tembea. Kulala kitandani kutwa nzima nako ni ujinga, damu inataka kwenda. Tembea mikono mitupu, na wakikucheka waache wacheke, mimi nilipewa pole na wabeba kuni. Vyuma visubiri daktari aseme, siyo wewe useme, wala rafiki zako. Siku akiruhusu, anza na kitu chepesi mpaka uone aibu kukishika. Uchovu ni kitu cha kawaida, utapumzika. Lakini ukisikia uzi unavuta, weka chini. Ukiona uvimbe au joto, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho ukidhani utapoa. Na yule binti unayemficha habari hii, mwambie. Pengine anajua zamani.

Najua ulivyoumia na shati lako, nani ajue kuliko mimi? Sasa yameshaondoka. Kifua hicho ni chako, hakuna anayekuja kukudai, haraka ya nini?

Nenda ukapumzike. Mungu akufunge kidonda chako ndani na nje, akupe subira ambayo mimi nilinyimwa na kiburi changu, na siku mtoto wako atakapokunyooshea mikono, akukute na yako yote miwili.